Postikadi ya Cookham na Amri ya Nane

Nilipokuwa mwaka wa pili katika chuo cha theolojia, nilipangiwa zamu ya kusaidia maktaba. Yalikuwa yameletwa maboksi ya vitabu vya msaada kutoka Uingereza, vitabu vya mtu aliyekwisha kufa, na kazi yangu ilikuwa kuvifuta vumbi na kuvigongea mhuri. Ndani ya kitabu kimoja cha ufafanuzi wa Waraka kwa Warumi, kati ya sura ya nane na ya tisa, nilikuta postikadi. Mwenye kitabu aliitumia kuweka alama mahali alipoishia kusoma. Nilimpelekea mtunza maktaba. Akaigeuza mara mbili, akanirudishia akisema, "Chukua tu, hiyo haina namba." Ninayo mpaka leo, zaidi ya miaka ishirini.

Inaonyesha kijiji cha Cookham, kando ya mto Thames, katika kaunti ya Berkshire, magharibi mwa London. Maji yametulia, yana rangi ya kijani inayoelekea buluu. Miti imeinamisha matawi yake hadi karibu yaguse mto. Nyuma ya miti unatokeza mnara wa mawe wa Kanisa la Utatu Mtakatifu, na kwa mbali kidogo daraja la chuma. Mtu mmoja amesimama katika mashua bapa, ameshika upondo. Uso wake hauonekani. Ni doa tu la rangi ya waridi chini ya kofia.

Upande wa nyuma kuna maneno machache ya penseli. Mwandishi amefika salama, kesho wataingia mtoni kama mvua haitanyesha, mama asalimiwe. Amesaini kwa herufi moja tu, E. Tarehe ya mhuri wa posta imefutika, lakini stempu ni ya nusu peni yenye kichwa cha Mfalme Edward VII, aliyetawala tangu 1901 hadi 1910. Tena upande huo umegawanywa kwa mstari, anwani huku na ujumbe kule, jambo ambalo posta ya Uingereza ililiruhusu mwaka 1902. Kabla ya hapo upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake, na mwenye neno alilibana pembeni mwa picha. Basi E. aliandika katika miaka hiyo, muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Kwa muda mrefu niliiweka kadi hii mezani kwa sababu moja tu: ni nzuri. Mchungaji anayesikiliza matatizo ya watu tangu asubuhi anahitaji mahali pa kupumzisha macho. Baadaye nikaanza kuisoma kama ninavyosoma andiko, yaani kuiuliza imetoka wapi na imeacha nini.

Kamera za wapiga picha wa vijijini zama zile zilitoa nyeusi na nyeupe. Rangi ziliongezwa kiwandani, na watu ambao huenda hawakuwahi kuuona mto wenyewe. Sehemu kubwa ya postikadi za rangi zilizouzwa Uingereza kabla ya 1914 zilichapwa Ujerumani, na kadi yangu ina maandishi madogo sana pembeni yanayosema ilichapwa Saxony. Nilicheka nilipoyaona. Ni huko Saxony, katika mji wa Leipzig, walikotoka wamisionari walioanza kazi ya Kilutheri Kilimanjaro mwaka 1893. Kumbe kijiji hiki cha Kiingereza na babu zangu katika imani tumepitia mikono ya nchi moja! Fundi wa huko aliamua mto uwe na rangi gani na anga iwe na rangi gani. Wachapaji hao hawakuishia kwenye rangi. Waliongeza mawingu, wakafuta nguzo za simu, na ikibidi wakaongeza mtu au wakamwondoa.

Mengine kadi haiyasemi. Daraja lile la chuma lilijengwa mwaka 1867, na kila aliyelivuka alitozwa ushuru mpaka mwaka 1947. Mtu maskini wa Cookham hakulitazama daraja hilo kama anayenunua kadi. Mto wenyewe, uliotulia hivyo pichani, ndio uliofurika vibaya Machi 1947 na kuingia majumbani kwa watu. Na miaka michache baada ya E. kuandika salamu zake, Waingereza walionunua kadi na Wajerumani walioipaka rangi walianza kuuana.

Je, postikadi hii inasema uongo?

Swali linaonekana dogo, hata la kitoto. Kwangu halikubaki dogo, na nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza tuone jinsi Luther mwenyewe anavyotuweka njia panda. Kila kijana aliyepata Kipaimara anakumbuka maelezo ya Amri ya Nane katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Luther haridhiki kutuambia tusimzulie jirani uongo. Anatutaka tumtetee, tumnenee mema, na mambo yake yote tuyachukulie kwa upande ulio mwema. Kwa amri hiyo, fundi wa Saxony hana kosa. Alikinenea mema kijiji cha jirani.

Luther huyo huyo, katika Mdahalo wa Heidelberg wa Aprili 1518, alitofautisha wanatheolojia wa aina mbili. Yule wa utukufu huita kibaya chema na chema kibaya, kwa kuwa macho yake yanatafuta yanayong'aa. Yule wa msalaba hukiita kitu kama kilivyo. Kwa hukumu hiyo, kadi yangu ni theolojia ya utukufu iliyobandikwa stempu ya nusu peni.

Nikiwa chuoni ningeweza kuandika kurasa kumi juu ya mvutano huu na kupata alama nzuri. Nilikuja kuuelewa miaka mingi baadaye, chini ya turubai la msiba.

Tulikuwa tunamzika mzee mmoja aliyeheshimika katika usharika wetu. Kama ilivyo desturi, kamati ya msiba iliandaa wasifu wa marehemu. Sote tunajua wasifu unavyoandikwa. Marehemu aliyekuwa mkali huitwa mwenye msimamo, aliyekuwa mlevi huitwa mcheshi na mpenda watu. Huo ndio upakaji rangi wetu, na sina ugomvi nao. Kijana aliyepangwa kusoma alishindwa kwa kilio, karatasi ikaletwa kwangu. Nikasoma kwamba marehemu ameacha mjane, watoto watano na wajukuu. Nikasoma na majina ya wale watano.

Watoto walikuwa sita. Nilijua hivyo. Wa sita alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, aliyezaliwa nje ya ndoa na kulelewa kwa mama yake kijiji cha pili. Marehemu alimsomesha kimyakimya, na mimi mwenyewe niliwahi kupokea ada yake na kuifikisha shuleni. Siku ile alikuwa amesimama nyuma kabisa, upande wa majiko, na nilimwona kabla sijafungua karatasi. Nilifika kwenye mstari ule, nikasita kidogo sana, kiasi ambacho hakuna aliyegundua, nikasema "watano".

Siku ya tatu alikuja ofisini.

"Shikamoo Mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pole na msiba."

"Naomba kuiona ile karatasi."

Ilikuwa bado imo ndani ya Biblia yangu. Aliisoma akiwa amesimama, kutoka juu hadi chini, bila haraka. Kisha akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Imeandikwa vizuri," akasema. Akaaga, akaondoka.

Angenitukana ningejua la kujibu. Wachungaji tumezoea kutukanwa. Jioni ile niliitazama postikadi mezani, na yule mtu wa mashua, mwenye doa mahali pa uso, hakunipumzisha macho tena.

Kutoka hapo nilianza kutafuta habari za Cookham, pengine kwa kukwepa habari za kwangu. Kijiji hicho kilizaa mchoraji mashuhuri, Stanley Spencer, aliyezaliwa mwaka 1891, mtoto wa mwalimu wa muziki na mpiga kinanda cha kanisani. Alikipenda kijiji chake kupita kiasi. Aliposoma chuo cha sanaa cha Slade, London, kuanzia 1908, alirudi nyumbani kwa treni kila siku, wenzake wakambandika jina la utani: Cookham. Mwaka 1915 aliiacha nusu picha ya mabata maji wa mto Thames, akaenda vitani kama mhudumu wa wagonjwa, hadi Makedonia. Ndugu yake Sydney aliuawa mwaka 1918. Stanley alirudi, akaimalizia picha yake mwaka 1919.

Kati ya 1924 na 1927 alichora picha kubwa, urefu wa mita tano na nusu, kimo karibu mita mbili na robo tatu, iitwayo Ufufuo, Cookham. Inatunzwa katika jumba la Tate, London. Mimi nimeiona kitabuni tu, lakini niliitazama kwa siku nyingi. Mahali ni makaburi ya kanisa lile lile la kwenye kadi yangu. Kristo yuko kwenye ukumbi wa mlango wa kanisa, amekumbatia watoto wachanga. Wafu wanatoka makaburini bila vurugu, kama watu wanaoamka asubuhi ya sikukuu. Huyu anajinyoosha, yule ameegemea jiwe lake, mke wa mchoraji ananusa ua. Mchoraji mwenyewe yumo. Huko juu kushoto, waliofufuka wanakwenda mbinguni kwa zile boti za matembezi zilizokuwa zikipita Thames siku za mapumziko. Hakuna moto, hakuna tarumbeta.

Kwa mara ya kwanza niliona mtu aliyeipaka rangi Cookham kuliko fundi wa Saxony, na bado hakuificha kaburi. Nilitaka kuishia hapo na kuandika mahubiri ya Pasaka. Mahubiri yangekuwa mazuri sana: mbingu haiko mbali, itaanzia kwenye mgomba wako, nyuma ya kanisa lako. Ninaamini hivyo hata sasa.

Ila katika picha hiyo kuna kundi la Waafrika. Ndiyo, katika makaburi ya kijiji cha Berkshire, watu weusi nao wanatoka ardhini. Spencer alitaka ufufuo uwe wa wanadamu wote, na namshukuru kwa hilo, maana wengi wa zama zake wasingetukumbuka. Lakini tazama tofauti. Wana Cookham wanatambulika mmoja mmoja: huyu ni Hilda mkewe, huyu ni Richard, kaka wa Hilda, huyu ni Stanley. Waafrika ni kundi. Wamefufuliwa kwa jumla.

Sitamlaumu mchoraji peke yake. Mwaka 1922 alikuwa amechora siku ya kuzinduliwa kwa mnara wa kumbukumbu ya vita wa Cookham, ambako vijana wa kijiji waliokufa wameandikwa kwa majina. Mwaka 1927, mwaka ule ule alipomaliza Ufufuo, Dar es Salaam ilizinduliwa sanamu ya Askari, kuwakumbuka wanajeshi na wapagazi Waafrika waliokufa katika vita hiyo hiyo. Nenda kaisome. Utaona sifa, hutaona jina hata moja. Tume ya makaburi ya vita ya Uingereza iliundwa mwaka 1917 kwa msingi kwamba wafu wote wataheshimiwa sawa. Mwaka 2021 tume hiyo ilitoa ripoti na kuomba radhi, ikikiri kwamba angalau watu 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Niliposoma hesabu hiyo nilikasirika kwa haki. Halafu nikakumbuka hesabu yangu mwenyewe: watano. Mimi sikuwa na wafu laki moja wa kutafuta. Nilikuwa na binti mmoja, anasimama upande wa majiko, na jina lake nalijua.

Ndugu msomaji, utaniuliza juu ya mjane. Naye ni jirani yangu. Alivumilia aibu ile miaka yote, na siku ya kumzika mumewe alistahili kusitiriwa. Kama kuna siku ya kuchukulia mambo kwa upande ulio mwema, ndiyo hiyo. Hoja hii ni nzito, na waliofuta jina la binti hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakiitii Amri ya Nane kama nilivyowafundisha.

Nilipata mwanga kutoka mahali ambapo wengi tunaparuka tukisoma, sura ya kwanza ya Mathayo. Ile orodha ya ukoo ni wasifu, na mwenye wasifu ni Bwana Yesu. Kamati yoyote ya msiba ingeusafisha. Mathayo anamweka Tamari. Anamweka Rahabu, na Ruthu mgeni. Akifika kwa mama yake Sulemani hata jina lake halisi halitumii, anamtaja kwa jina la mumewe aliyedhulumiwa na kuuawa, Uria. Hasimulii kisa. Hatuelezi nani alimfanyia nani nini. Anahesabu watu tu, na wanawake hao hawatolewi ili ukoo upendeze.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu lilipokuwa. Luther wa Katekisimo na Luther wa Heidelberg hawagombani kama nilivyodhani. Kufunika aibu ya jirani ni upendo, na wasifu haukuhitaji kusema binti yule alizaliwaje. Ulihitaji kusema sita. Aibu ni ya kufunikwa. Mtu si aibu. Fundi wa Saxony alipoupaka mto rangi ya kijani hakumkosea mtu. Alipoziba uso wa yule mwenye upondo, sijui. Labda kamera ilishindwa. Mimi kamera yangu ilikuwa inaona vizuri.

Nisimfanye Spencer mtakatifu pia. Yeye na Hilda walitalikiana mwaka 1937, akaoa mwanamke mwingine siku chache baadaye, na ndoa hiyo ikamwachia hasara tupu. Hilda alifariki mwaka 1950. Mzee yule, aliyekuwa akizunguka kijijini akisukuma kigari chakavu cha mtoto chenye vifaa vyake vya kuchorea, aliendelea kumwandikia barua ndefu mwanamke aliyekuwa kaburini. Hazikuwa na mahali pa kutumwa. Mtu aliyewachora wafu wakiamka kwa utulivu namna ile alijua kuna maneno tunayochelewa kuyasema.

Mwaka ulipotimia, familia ilinialika kubariki jiwe la kaburi. Niliwahi siku mbili kabla, nikaenda kwa mjane peke yangu. Nilimwomba radhi kwanza, kwa sababu nilikuwa nakwenda kumwongezea uchungu. Nikamwambia kwamba katika sala nitawataja watoto wa marehemu kwa majina, na nataka kuwataja wote. Alikuwa anachambua maharage. Alichambua sinia lile hadi likaisha.

"Mtaje," akasema. "Lakini usinitazame ukimtaja."

Siku ya ibada nilitazama udongo. Kijana mkubwa wa marehemu alitoka kabla ya chakula, na mzee mmoja wa kanisa hakunisalimia kwa majuma kadhaa. Binti mwenyewe hakuwepo. Hakualikwa, na hilo sikuliweza. Jioni nilimpigia simu, nikamwambia jina lake limetajwa kaburini kwa baba yake.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza nimelitaja la ngapi.

"La tatu," nikamwambia. "Kwa umri."